Taa ya Koridoni: hotuba kuhusu mapenzi na familia za zama hizi

Maneno haya niliyasema Siku ya Kimataifa ya Familia, tarehe 15 Mei, mbele ya wanandoa, wazazi na vijana. Wengi waliokosa kufika wameniomba niyaweke mahali wayasome, nami nayaweka yote kama nilivyoyasema. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha. Watu ninaowasimulia nimewabadilishia mambo madogo madogo ili wasitambulike, na kila mmoja wao aliniruhusu.

Wazee wangu, mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma karibu na mlango. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Naomba nianze na taa.

Siku moja walinijia mume na mke, ndoa ya miaka 11. Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni kukaa na wanandoa na familia zao na kuwasikiliza. Huu ni mwaka wa 19 naifanya. Niliwauliza kilichowaleta. Mume akainamisha kichwa. Mke akasema, "Taa ya koridoni."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. "Taa ya koridoni," akasema, na machozi yakamtoka.

Balbu ya koridoni iliungua. Mke akamwambia mumewe, "Taa ya koridoni imeungua." Mume akaitikia, "Mm." Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ndugu zangu, ilipita miezi minne! Miezi minne watu wazima wawili wanapita koridoni usiku wakimulika kwa tochi ya simu, kila mmoja na simu yake, wakipishana gizani huku wamebana mabega ili wasigusane. Balbu mpya ilikuwa kwenye droo. Kiti cha kupandia kilikuwa hapo hapo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Nikamuuliza mume, kwa nini hukuibadilisha? Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri aniambie tena. Angeniambia tena, ningejua bado ananihitaji."

Nikamgeukia mke. Na wewe, kwa nini hukupanda kiti ukaibadilisha? Akasema, "Balbu naijua kuibadilisha. Nimefanya mangapi peke yangu katika nyumba ile. Nilitaka kujua kama nikisema ananisikia."

Mnaona? Hapakuwa na ugomvi wa balbu. Palikuwa na watu wawili wamesimama gizani, kila mmoja anamsubiri mwenzake ageuke.

Nimekuja na neno moja tu jioni hii, nalo ni kurudi. Nimewaona watu waliotukanana vibaya wakapona. Nimewaona pia watu ambao hawakuwahi hata kupandishiana sauti, nyumba yao ikafa taratibu kama jiko lililosahauliwa. Tofauti yao haikuwa ugomvi. Tofauti yao ilikuwa hii: baada ya kuachana mikono, kuna aliyerudi? Nitalirudia sana neno hili, mnivumilie.

Tujiulize kwanza: kwa nini siku hizi mapenzi yamekuwa magumu hivi? Je, waliotutangulia walipendana kuliko sisi?

Mimi sidhani. Kwa karne nyingi, karibu kila pembe ya dunia, ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili: mali, kazi, ulinzi, watoto. Mapenzi yakija, heri. Yasipokuja, maisha yanaendelea. Wazo kwamba watu wawili waoane kwa kuwa wamependana, na kwamba hiyo peke yake ni sababu tosha, lilipata nguvu Ulaya na Amerika Kaskazini kuelekea mwisho wa karne ya 18, kisha likasambaa. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likaandika, katika kifungu cha 16, kwamba ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana. Nakishukuru kifungu hicho. Sitamani binti yeyote arudishwe kwenye dunia ya kuozwa asikotaka, na anayetusifia zamani bila kulitaja hilo hatuambii ukweli wote.

Lakini uhuru huo umekuja na mzigo, na uzito wake hatukuambiwa. Mambo yaliyobebwa na shangazi, mjomba, bibi, majirani na marafiki wa rika, leo tunamtwika mtu mmoja. Awe mpenzi. Awe rafiki wa siri. Awe mlezi mwenza, mshirika wa fedha, mshauri wa kazi, na mganga wa moyo nikiumwa na dunia. Mtu mmoja! Akishindwa moja kati ya hayo tunasema, "Hanipendi."

Kuna zoezi huwa nawapa wanandoa. Nampa kila mmoja karatasi na kalamu ya risasi, namwambia: andika majina ya watu unaoweza kuwapigia simu saa nane usiku ukiwa umevunjika moyo, ila mwenzi wako usimtaje. Kuna baba mmoja, mtu wa miraba minne, msimamizi wa watu wengi kazini, aliandika jina la mkewe mara moja. Akakumbuka sharti, akalifuta. Akatazama karatasi. Akaandika jina jingine, akalifuta. Baadaye aliniambia lilikuwa la rafiki ambaye hawajaonana tangu shule. Muda ulipokwisha, karatasi yake haikuwa na jina hata moja. Ilikuwa na vivuli viwili vya majina yaliyofutwa.

Mkewe alipoiona ile karatasi alinyamaza. Kwa miaka mingi alikuwa akilalamika kwamba mumewe anamchosha, kila hasira ya kazini inaletwa kwake, kila hofu, kila kununa. Siku ile akaelewa kwamba mtu yule hakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi.

Kwa hiyo nikikutana na wachumba siwaulizi tu kama wanapendana. Nawauliza: marafiki zenu ni akina nani? Ndugu zenu mnazungumza nao? Anayemtaka mwenzi wake amtosheleze kwa kila kitu amembebesha asichoweza kubeba. Msiue urafiki wenu kwa sababu mmeoana. Nawasihi.

Sasa nirudi kwenye ile balbu.

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia John Gottman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, walitengeneza maabara iliyofanana na nyumba ya kawaida. Wanandoa wakakaribishwa humo wapumzike, wapike, wazungumze, kamera zikiwatazama. Watafiti hawakuwa wakitafuta mabusu wala vita. Walihesabu vitu vidogo sana. Mume anasema, "Tazama ndege yule." Mke anafanya nini? Anatazama? Anaitikia tu? Anaendelea kusoma kama hakusikia? Au anamjibu, "Unanisumbua"?

Mimi vitu hivyo naviita mialiko. "Tazama ndege yule" ni mwaliko. "Leo nimechoka" ni mwaliko. "Taa ya koridoni imeungua" ni mwaliko. Anayesema hataki ndege wala taa. Anauliza: upo?

Miaka sita baadaye wakawatafuta wale waliokuwa wanandoa wapya. Waliokuwa bado pamoja ndio wale ambao, katika ile maabara, waligeukia mialiko ya wenzao mara 86 katika kila 100. Waliokuwa wameachana waligeuka mara 33 tu. Hebu zipimeni hesabu hizo, 86 na 33. Hata walio vizuri walikosa mara 14! Hakuna aliyegeuka kila mara. Hakuna.

Na kuna jingine kutoka kwa watafiti hao hao ambalo huwa nawaambia wachumba, nao hupigwa na butwaa: karibu asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayamaliziki. Yanatokana na tabia, na malezi, na tofauti za asili. Mmoja anaweka akiba, mwingine mkono wazi. Mmoja anataka watu wajae nyumbani, mwingine anataka utulivu. Mtaoana mkigombania hilo, na mtazeeka mkigombania hilo. Kwa hiyo anayekuahidi ndoa isiyo na mgogoro anakuahidi kitu kisichokuwapo.

Nimesema hakuna anayegeuka kila mara. Tuwatazame basi hata wale tunaodhani wanapendana kuliko wote, mama na mtoto mchanga. Katika miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick alimweka mama mbele ya mtoto wake wa miezi michache, wacheze kama kawaida. Mtoto anacheka, mama anacheka. Kisha mama anaambiwa aukaushe uso, asicheke, asinune, amtazame tu kama ukuta. Mtoto anashangaa. Anatabasamu, ule tabasamu wa kumvuta mama. Ananyoosha mikono. Anapiga kelele. Mwishowe anageuza uso pembeni na kulegea, kama mtu aliyekata tamaa. Dakika mbili tu, ndugu zangu! Wangapi wetu tunaishi na uso kama ule nyumbani, si dakika mbili, bali miaka?

Lakini ninalolipenda zaidi katika kazi ya Tronick si hilo. Ni hili: hata pale mama na mtoto walipokuwa wakicheza vizuri bila kuambiwa chochote, walikuwa wanaendana kwa hisia kama asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana. Mtoto anataka kutulia, mama anamtekenya. Mtoto anataka kucheza, mama anapiga miayo. Wanapishana, wanarekebisha. Wanapishana tena, wanarekebisha tena. Na mtoto anajifunza kitu ambacho hakuna shule itakayomfundisha: kwamba tukipotezana, tutapatana.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Sote tunaijua, tumeikariri tangu utotoni. Lakini mmewahi kuisikiliza kwa makini? Haisemi jenga nyumba isiyo na ufa. Haimlaumu mwenye nyumba kwa sababu ufa umeonekana. Ufa utakuja, nyumba inakaa juu ya ardhi, na ardhi inatembea. Inachouliza ni kama uliuziba. Nani aliokota chokaa?

Hapa lazima nisimame kidogo, maana najua kuna mtu humu ndani anayenisikiliza na moyo unamwenda mbio. Ninaposema kurudi, sisemi mrudie anayekupiga. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2021: karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amepigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono maishani mwake, na mara nyingi mkono huo ni wa mwenzi wake. Na wapo wanaume wanaopigwa pia, wananyamaza kwa aibu. Kofi si ufa. Kofi ni mtu aliye ndani anabomoa nyumba kwa nyundo. Hapo ondoka. Mwambie mtu unayemwamini, tafuta msaada, ondoka ukiwa salama. Na nyinyi wazazi mnaowaambia mabinti zenu "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo": nawaomba, nawaomba kwa kila kitu ninachokiheshimu, acheni kusema hivyo.

Nimeshalisema. Tuendelee.

Sasa watoto, na hizi simu ambazo kila msemaji hupenda kuzilaumu.

Nitawasimulia habari ya baba mmoja aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Alimwacha mtoto wa kike wa miezi minane. Akakaa huko miaka miwili na nusu. Kila jioni walizungumza kwa video. Mama aliiegemeza simu kwenye jagi la maji mezani, na baba akawa pale, akiuliza, akiimba, akisikiliza maneno ya kwanza ya mwanawe. Huwezi kusema hakuwepo. Alijitahidi kuliko wengi wanaolala nyumbani.

Siku aliyorudi, mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama. Baba akachuchumaa, akaita jina lake. Mtoto akamkazia macho. Kisha akakimbilia chumbani, akarudi na simu ya mama, akaiegemeza kwenye lile jagi la maji, akaisogelea na kunong'ona, "Baba, kuna mtu."

Baba yule alinieleza hayo akiwa ameyafunika macho kwa kiganja.

Nikamuuliza, ulifanyaje? Akasema mwanzoni alitaka kulia. Halafu akatoka nje kimya kimya, akapiga simu ya video akiwa uani. Simu ikaita pale mezani, mtoto akaichangamkia: baba! Baba akaanza kuzungumza naye kama kila jioni, huku anatembea taratibu kuelekea ndani. Akafika mlangoni. Akasimama hapo, anaendelea kusema. Mtoto akatazama simu, akatazama mlango. Akatazama mdomo wa kwenye simu, akatazama mdomo wa mlangoni. Inacheza pamoja. Baba akapiga hatua moja. Kisha nyingine.

Hakuna aliyemfundisha baba yule. Aliona mwenyewe kwamba mtoto hawezi kumfuata alipo, basi akamwendea kwa njia ambayo mtoto anaijua.

Mary Ainsworth, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi wake, alianza uchunguzi wake mkubwa Uganda mwaka 1954, akizitembelea familia 26 majumbani mwao. Aliwatazama watoto wakitambaa kutoka kwa mama, wakienda kuchungulia dunia, kisha wakigeuka kutazama: bado yupo? Wakiona yupo, wanaendelea. Wakiogopa, wanarudi, wanamgusa, wanaondoka tena. Mtoto mwenye mtu wa kurudia ndiye anayethubutu kwenda mbali. Wazazi wenzangu wa vijana wanaotoa majibu ya mkato na kufunga mlango wa chumba: bado wanageuka kutazama kama mpo. Wanatazama kwa pembe ya jicho tu, msiwaone.

Kwa hiyo simu siichukii. Simu ilimtunza baba yule. Ninachokichukia ni mbili zilizo juu ya kitanda kimoja, kila moja inamulika uso wake, na mwaliko unatoka upande mmoja, "Unajua leo nimefikiria nini?" na jibu ni kidole kinachoendelea kupandisha skrini.

Na nyinyi vijana wa mlangoni, sijawasahau. Mnapendana katika zama ngumu, sitawadanganya. Mtu anaingia maishani mwako kwa ujumbe mmoja, na anatoka bila hata ujumbe mmoja. Binti mmoja alinionyesha ujumbe wake wa mwisho kwa kijana waliyekuwa wamepanga kuoana: "Umefika salama?" Tiki mbili za buluu. Wiki tatu. Alikuwa bado anaufungua kila asubuhi. Vijana, kurudi si lazima iwe kurudi kwenye uhusiano. Wakati mwingine kurudi ni kurudi kusema, "Sitaendelea, na sababu ni hii." Ni maneno yanayochoma, najua. Lakini huyo uliyemwacha kwenye kimya unamwacha akijihoji usiku kucha kosa lake ni nini, na kesho atakayempenda atalipia deni lako.

Kuna walioachana humu. Kuna waliooa na kuolewa upya, wenye watoto wa huku na wa kule. Najua hotuba za namna hii huwafanya mjione kama mfano mbaya. Sikubali. E. Mavis Hetherington, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia familia karibu 1,400, baadhi yao kwa miongo mitatu, alikuta kwamba watoto wengi wa wazazi walioachana, kama robo tatu au zaidi, walikuja kuwa watu wazima walio sawa. Kinachomla mtoto zaidi ni vita isiyokwisha ya wazazi, wawe wameachana au wanalala chumba kimoja. Na alikuta kwamba familia ya kambo huchukua miaka, mitano hadi saba, kabla ya kutulia. Miaka, si miezi! Wangapi wamekata tamaa mwaka wa pili wakidhani wameshindwa?

Namfahamu mwanaume aliyemwoa mama mwenye mvulana wa miaka 11. Yule mvulana hakumwita chochote. Si baba, si mjomba, si jina lake. Akimtaka, alikwenda kusimama karibu naye mpaka aonekane, au akasema "samahani" kama anayemsemesha mtu kituo cha basi. Miaka minne. Yule bwana alinijia akiwa amechoka: nimlazimishe aniite baba? Nikamwambia hapana. Endelea tu kuwapo. Ushauri mwembamba huo, nilijua nilipoutoa, lakini sikuwa na mwingine wa kweli.

Akaendelea. Kila jioni ya mazoezi ya mpira alikwenda kumchukua, akikaa mbali kidogo ili asimwaibishe mbele ya wenzake.

Siku moja mvulana alipoteza simu yake ndani ya nyumba. Wakaitafuta wote. Yule bwana akachukua yake akaipiga. Ikatetemeka chini ya mto wa kochi pembeni yake. Akauinua ule mto, akaona simu ya kijana inaita, na jina lake yeye, lililoandikwa na kijana mwenyewe, ni "Nyumbani".

Hakusema kitu. Aliurudisha mto juu ya ile simu, akaenda kusimama dirishani, akamwita: "Hebu tafuta pale kwenye kochi, kama nasikia mlio."

Mnajua kwa nini aliifunika? Mimi nilimuuliza. Akasema, "Hilo neno alikuwa hajanipa. Nilikuwa nimelichungulia tu. Nitamsubiri alilete mwenyewe."

Ndugu zangu, muda wangu unakwisha na bado sijagusa jambo lililonileta hasa. Tukisema familia, tunakimbilia mume, mke na watoto. Ndugu wa tumbo moja tunawasahau. Kule Marekani kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 na unaendelea hadi leo, ukiwafuatilia watu kutoka ujana hadi uzee. George Vaillant, aliyeusimamia kwa miaka mingi, alieleza kwamba kati ya waliokuwa wanaendelea vizuri walipofika miaka 65, asilimia 93 walikuwa karibu na kaka au dada wakiwa vijana. Niliposoma hesabu hiyo niliifunga ile karatasi, nikaiweka kwenye droo, na kwa siku kadhaa sikuifungua ile droo.

Kwa sababu mimi, ninayewaambia watu warudi, nilikuwa sisemezani na kaka yangu kwa miaka sita.

Tulikosana mama alipougua. Nani alilala hospitali siku ngapi. Nani alitoa, nani alitoa zaidi, nani alifika amechelewa na akaanza kutoa amri. Siku ya mwisho ya ugomvi nilimwambia neno ambalo sitalirudia hapa, kwa kuwa ni lake yeye na mimi. Kisha mama akafariki, na hapakuwa tena na mtu wa kutukalisha chini. Mara mbili aliniandikia sikukuu ikifika. Maneno mawili tu, salamu. Mialiko. Sikugeuka. Nilijiambia, mwenye kosa ni yeye, aje na samahani kamili. Nami nikabaki na tochi yangu ya simu, koridoni.

Mwaka jana, usiku mmoja, baada ya kuwasindikiza wale wa balbu hadi mlangoni kwa mara ya mwisho, nilirudi ofisini nikakaa. Nikaichukua simu. Namba yake sikuwa nimeifuta. Ikaita mara ya kwanza. Ikaita mara ya pili. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanitoka.

Akapokea. Hakusema haloo. Hakuuliza nani. Alisema, "Subiri nitoke nje, humu ndani mtandao unakatika."

Nikasikia kandambili zake sakafuni. Kaka yangu anaburura kidogo mguu wa kushoto, tangu tulipoanguka pamoja kutoka mtini tukiwa wadogo. Mimi niliangukia juu yake. Nikausikia ule mguu. Hatua, mburuzo. Hatua, mburuzo. Mlango ukafunguka, upepo ukaingia kwenye simu.

"Haya," akasema. "Nipo."

Nikaanza na lile neno nililomwambia siku ile, nikamwomba anisamehe.

Asanteni kwa kunisikiliza.